Karsono Hakuitambua

Mgonjwa wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Pumu imenishika tangu nina miaka sita. Karsono alipokuja kuniposa, marehemu mama yangu alimwambia waziwazi, "Huyu usimpeleke kwenye vumbi, na usimkasirishe. Akikufia mikononi usije kutulaumu." Karsono alicheka tu. Alikuwa mbeba magunia kwenye kinu cha mpunga nje kidogo ya mji wa Kudus, mtu wa mabega mapana, na Jumapili alicheza mpira wa vinyoya mpaka vijana wenyewe wakaomba kupumzika. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa sikumbuki kumwona amelala mchana.

Kwa hiyo korona ilipofika Java, hakuna aliyejiuliza nani wa kulindwa. Karsono alinikataza kwenda sokoni. Wanawake ninaowatarizia kebaya, zile blauzi zetu za Kijava, walitundika vitambaa vyao langoni, naye akavianika juani siku nzima kabla ya kuniruhusu nivishike. Binti yetu Palupi, anayefanya kazi kiwandani kisiwa cha Batam, kila akipiga simu alianza na swali lilelile: "Mama anapumuaje?" Baba yake hakuulizwa. Nani angemuuliza?

Mwaka wa pili wa maradhi, wiki chache baada ya Idi, ikaingia kwetu. Mlango ilioingilia sijui mpaka leo. Mji wetu una viwanda vingi vya sigara za karafuu na harufu yake haikuisha puani, lakini asubuhi ile nilifungua dirisha nisinuse kitu. Siku ya nne kifua kikafunga.

Jirani yetu Rukanah, ambaye ndiye mhudumu wa afya wa mtaa, aliniletea kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni, kinachosoma oksijeni ya damu. Kikasoma themanini na nane, na mtu mzima wa afya husoma tisini na tano kwenda juu. Akasimama uani kwetu akipiga simu hospitali moja baada ya nyingine.

"Hakuna kitanda," alimwambia Karsono. "Watu wamelazwa kwenye mahema. Mtafutie hewa hapahapa nyumbani, wakipata nafasi watatuita."

Karsono aliazima mtungi wa oksijeni msikitini. Mtungi ule haukumaliza siku, na kuujaza ilibidi kupanga foleni tangu alfajiri, pamoja na watu mia waliokuwa na wagonjwa wao. Akawa anaondoka asubuhi na kurudi adhuhuri, mtungi begani kama gunia la mpunga.

Kukosa pumzi mimi nakujua, na mwenye pumu mwenzangu atanielewa. Najua kukaa nimeinama mbele, viwiko juu ya mapaja. Najua kuitoa hewa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza chai. Najua kutosema maneno mengi, na najua kuizuia hofu, maana ukiogopa unamaliza hata ile hewa kidogo uliyo nayo. Saa za inhela nilikuwa nimeziandika ukutani kwa chaki ya kushonea. Karsono hakuwa na lolote kati ya hayo. Hakuwahi kukosa pumzi maishani mwake, na ilipomtokea hakuitambua.

Siku ya tano ya ugonjwa wangu nilimsikia.

"Baba Palupi, unakohoa."

"Vumbi la kinu."

"Kinuni hujaenda wiki nzima!"

"Basi ni vumbi la zamani. Linadai kutoka."

Siku ya sita akaja amevua shati, na chupa ya mafuta ya mikaratusi mkononi. "Upepo umeniingia. Nikwangue kidogo."

Nikamkwangua mgongo kwa sarafu, kama tunavyofanya sisi mtu akipata mafua. Mikono yangu haikuwa na nguvu. "Bonyeza, mama wee," akasema, "mbona kama unapangusa kioo?" Mistari ikatoka, si myekundu kama siku zote. Ilikuwa ya zambarau iliyokolea.

"Jipime na wewe," nikamwambia.

"Kipimo ni cha wagonjwa. Nikimaliza betri, wewe nitakupima na nini?"

Nikacheka, kicheko kikanipa kikohozi, akakimbia kuniletea maji ya tangawizi. Mazungumzo yakaishia hapo. Niliivaa maski yangu ya oksijeni nikalala.

Siku ya saba alirudi kutoka foleni saa sita na nusu. Aliufunga mtungi, akanivalisha maski, akangoja mpaka namba yangu ikapanda hadi tisini na tatu. Kisha akakaa chini akiegemea mlango na kunitabasamia. Nikaona kucha zake. Zilikuwa na rangi ya majivu. Nilikitoa kipimo kidoleni kwangu, nikamshika mkono, nikambana nacho. Hakuuvuta mkono hata kidogo.

Sitini na tisa.

"Kimeharibika hicho," akasema.

Nikajibana mimi: tisini na tatu. Nikambana tena yeye: sitini na nane. Nikaivua maski.

"Vaa."

"Rudisha! Una wazimu? Mwenye pumu ni wewe."

"Vaa, Karsono!"

Sikuwahi kumwita kwa jina tangu tuoane. Alinitazama kama mtoto aliyekemewa mbele za watu, akavaa. Nilijipulizia inhela, nikainama mbele, nikamwita Rukanah kwa kugonga sufuria dirishani, kwa kuwa sauti ya kupiga kelele sikuwa nayo.

Alichukuliwa kwa gari dogo la kubebea mizigo la mjumbe wa mtaa. Nilitaka kupanda, Rukanah akanizuia: ningekufa njiani, na hospitalini wasingeniruhusu kumkaribia. Karsono aliishusha maski kidogo. "Nikirudi nikute umekula," akasema. "Usinifanyie ule mchezo wako wa vijiko viwili."

Alikaa siku mbili kwenye hema. Alifariki Alhamisi, baada ya swala ya adhuhuri. Daktari aliyenipigia simu alikuwa na sauti ya binti mdogo aliyechoka kulia. "Alifika amechelewa, mama," akasema. "Alikuwa anaumwa siku nyingi. Wengine mwili hauwaambii."

Walimzika saa kumi watu wenye mavazi meupe ya plastiki. Rukanah alikwenda na simu, akasimama mbali, nami nikaangalia nikiwa kitandani. Picha ilikuwa inakatika. Nililiona jeneza juu ya kamba, picha ikaganda, na iliporudi nikaona udongo tu.

Mimi nilipona. Majirani walileta supu ya nyama ya nyati wa kufugwa na kuiacha langoni. "Mungu mkubwa, Mama Palupi!" walinipazia sauti kutoka njiani. "Na pumu yako yote hiyo!" Nikajibu Alhamdulillahi, nikafunga dirisha. Miaka yote walijiandaa kunizika mimi. Hata mimi nilijiandaa. Karsono nilikuwa nimeshamwambia kanga ipi anifunike na kebaya zipi ampe Palupi. Kuhusu yeye hatukuwahi kuzungumza neno.

Palupi alipata ruhusa ya kusafiri mwezi wa kumi. Siku ya kwanza alilia, siku ya pili akafua nguo za baba yake. Siku ya tatu akaweka sahani mezani kwa kishindo.

"Mama, mlikuwa nyumba moja. Kipimo kilikuwa kidoleni mwako. Siku zote hizo!"

"Nilimwambia ajipime, akakataa."

"Baba alikukatalia nini wewe? Lini? Ungemshika tu mkono!"

Ningeweza kumwambia nilikuwa mgonjwa mahututi. Ningeweza kumwambia hata yeye hakuwahi kumuulizia baba yake, na ningekuwa mkweli. Lakini nilikuwa nimeushika mkono ule, na ulitulia mkononi mwangu bila ubishi.

"Sikumwangalia, mwanangu," nikasema. "Nilikuwa nahesabu pumzi zangu mwenyewe."

Akatoka nje. Nilimsikia akifagia ua ambao Rukanah alikuwa ameufagia asubuhi ileile, akaufagia wote, akarudia tena kuanzia langoni. Jioni aliingia, akapakua wali na vipande vya tempe ya soya vilivyokaangwa, akaketi ubavuni kwangu. Tukala. Hakuniambia kama amenisamehe, na mimi sikumwomba.