Sukari Guru ya Appu

Miaka yote Sarojam aliamini kwamba uchungu wa dawa ndio uliomuua mdogo wake. Appu aliitema, mama alisema, na mji mzima wa Ottapalam ukasema hivyo hivyo. Baba yao, mganga Achuthan, hakumkanusha mtu.

Sarojam alipokuwa mtu mzima aliivalia njuga ile dawa ya kifua ya baba yake. Akafungua kiwanda kidogo nyuma ya nyumba. Majani yalikuwa yaleyale na mizizi ileile, ila sasa kila chungu kilipimwa ili chupa ya leo isipishane na ya jana, na asali na iliki zikaufunika uchungu. Watoto wa jirani wakawa wanalamba mpaka kijiko. Hapo ndipo alipobandika kwenye chupa karatasi yenye jina: Dawa ya Appu. Kilichobaki ni baraka za mzee, ambaye sasa alikuwa hainuki kitandani.

"Onja, baba. Usikunje uso kabla hujaonja."

Mzee akaonja. "Tamu. Wagonjwa wangu wangedhani nimewaalika harusini."

"Na nguvu yake?"

"Ipo. Umeweza, mwanangu." Kisha akaligusa lile jina. "Hili litoe."

"Kwa nini? Angepewa hii asingeitema."

"Siku ile alipokufa, ulimkuta na nini mdomoni?"

"Sukari guru." Alikumbuka vizuri, maana ndiye aliyemfuta midomo. Siku zote alidhani baba alimwonea huruma tu.

"Na mimi sukari guru nilikuwa nampa nani?"

Kila aliyewahi kutibiwa kwenye baraza ile ya mzee alijua: unamaliza kikombe, unakipindua, ndipo unapewa kipande chako. Hata matajiri walibembeleza wakashindwa.

"Alikunywa yote," mzee alisema. "Alikuwa anakunja uso, anakipindua kikombe nikione, anacheka. Kifua chake kilitaka hospitali, mimi nikaking'ang'ania chungu changu. Mama yako aliponiuliza kwa nini amekufa, nikasema alikuwa anatema."

"Ukamsingizia mtoto."

"Nilimsingizia."

Hasira zilimpanda Sarojam, lakini mbele yake palikuwa na mifupa na shuka tu, zikakosa pa kutua. Akaibandua karatasi kwa ukucha, polepole, ili jina lisichanike.

"Alikuwa anacheka, baba?"

"Kila mara."

Ndipo akalia. Mdogo wake alikuwa amemaliza dawa yake yote, na hakuna hata mmoja nyumbani mle aliyewahi kumsifu.