Wimbi Ndani ya Beseni

Kwanza ilisikika ngurumo. Ilianza mbali, kwa mvumo wa chini kama tumbo la mtu mwenye njaa, ikapanda, ikajaa, ikapita juu ya vichwa, kisha ikaporomoka kwa kishindo na kuacha mchirizi mrefu wa povu likirudi lilikotoka: shhhaaa. Mtu aliyefumba macho angekunja suruali asilowe.

"Nani amekohoa kwenye wimbi langu?" mwanamke akafoka.

Bahari yenyewe ilikuwa maharage makavu kwenye sinia la bati. Aliyeiendesha ni fundi wa sauti, mama mwenye mikono minene na ulimi mwepesi, ambaye studio nzima ilimwita Mama Kelele. Aliinamisha sinia huku, maharage yakakimbia. Akaliinamisha kule, yakarudi. Chumba kiliwahi kuwa stoo ya nguo. Sasa kuta zilivikwa magodoro, mlango ulifunikwa blanketi, na feni ilizimwa, maana feni nayo ina mdomo.

"Mimi, Mama," alisema kijana aliyesimama mbele ya maikrofoni. "Vumbi la bahari yako limenikaa kooni."

"Meza. Turudie."

Kijana huyo aliitwa Malenga, na jina hilo alijipa mwenyewe baada ya kuchoka kusubiri wenye kulitoa. Ushairi hakufundishwa na mtu. Alijifunza peke yake, akihesabu mizani kwa vidole kwenye foleni ya benki na chini ya meza wakati wa chakula, na kwa sababu hiyo hakuna aliyezigusa beti zake akaondoka bila kujibiwa.

Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa mfululizo wa makala za televisheni kuhusu watu wanaoteleza kwa ubao juu ya mawimbi makubwa. Si mawimbi ya kuchezea watoto. Haya yalikuwa mawimbi marefu kama majengo ya ghorofa, na watu wenye akili zao walivutwa kwa pikipiki za maji hadi mgongoni mwake, wakaachiwa huko, kila mtu na Mungu wake. Kituo cha televisheni kilitaka masimulizi ya Kiswahili. Tatizo ni kwamba sauti ya msimulizi wa kigeni ilikuwa imerekodiwa pamoja na bahari, ukimwondoa yeye bahari nayo inaaga. Picha zilibaki bubu. Kila wimbi, kila upepo, kila pumzi ya mtu, ilibidi vipikwe humo chumbani.

Siku hiyo mhariri wa kituo alikuja mwenyewe kusikiliza sehemu ya kwanza na kuamua nani apewe mfululizo wote. Alikaa kwenye kona, mwembamba, kijiti cha meno mdomoni, na uso wake haukukwambia lolote. Nje, kwenye benchi la ukumbini, alisubiri mshindani wa Malenga, bwana mmoja mwenye sauti ya kutikisa vioo. Watu walimwita Baritoni, na joto lote lile alikuwa amejifunga skafu ya sufu, kulilinda koo.

Malenga aliitaka kazi hii kuliko chakula. Hadi siku hiyo sauti yake ilikuwa imetangaza sabuni ya unga na dawa ya panya. Na kibaya zaidi, Bibi yake alikuwa ameshatangaza.

Bibi huyo ndiye aliyemlea, na waliishi nyumba moja. Daktari alimwagiza afanye mazoezi majini kwa ajili ya goti, akaenda bwawani mara moja kwa shingo upande, na tangu hapo kumtoa humo ni mpaka umwite kwa filimbi. Malenga alimbebea taulo kila alipokwenda. Alikaa mbali na ukingo, viatu miguuni, kama mtu anayesubiri basi.

"Mume wangu," Bibi alikuwa amemwambia asubuhi hiyo, kwa utani wao wa kila siku, "unakwenda kusimulia mawimbi ya kumeza ghorofa, na uso wako unaupangusa kwa kitambaa kibichi kama meza ya mgahawa. Wakijua unaogopa maji?"

"Nani atawaambia, mke wangu?"

"Mimi. Usiponinunulia kofia ya kuogelea. Na usiniaibishe, nimeshawaambia wenzangu wote wa bwawani wawashe televisheni."

Kwa hiyo ilikuwa ama apate kazi, ama atafute pa kuuficha uso kila siku ya kumpeleka Bibi bwawani. Tena alikuwa amejiongezea mzigo mwenyewe, maana mhariri alipomuuliza kama anaijua bahari, Malenga alitunisha kifua na kujibu, "Mimi na maji ni chanda na pete."

Taa nyekundu ikawaka. Kwenye skrini kilima cha maji kiliinuka, na mtu mdogo mwenye ubao mweusi akaanza kushuka ubavuni mwake. Mama Kelele akainamisha sinia. Malenga akaachia:

"Wimbi limevaa joho, limekuja kwa harusi,
Limemwita kwa uroho, mwenye ubao mweusi..."

"Simama," alisema Mama Kelele. "Ubao mweusi? Anateleza na ubao wa darasani huyu?"

"Ni mweusi, Mama. Utazame."

"Nautazama. Namngojea mwalimu."

Kijiti cha mhariri kikahama kutoka upande mmoja wa mdomo kwenda mwingine. Malenga akaapa moyoni kuwa huko ndiko kucheka kwake, akaendelea. Akamfikisha mteleza katikati ya wimbi, akampindisha, akambembeleza kwa vina. Kisha mtu yule akaanguka. Wimbi likamfunika, na skrini ikawa povu tupu. Malenga hakusita, kwa kipande hicho alikuwa ametunga beti tatu, zenye kifo, mama mzazi na nyota. Alizisoma kwa machozi ya karibu. Mwishowe kichwa kikachomoza majini, mdomo wazi.

Mhariri akainua kidole.

"Pumzi yake iko wapi?" aliuliza mhariri. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu taa iwake.

Malenga akavuta pumzi kwenye maikrofoni.

"Huyo kaunguzwa na chai," alisema Mama Kelele.

Akavuta nyingine.

"Huyo kakutana na mchumba wake wa zamani."

Ya tatu hata Mama Kelele hakuipatia jina. Mhariri akaagiza Baritoni aitwe. Baritoni akaingia, akafungua skafu mkunjo mmoja, akavuta pumzi, na chumba kizima kikasikia lori likipanda mlima na shehena ya saruji.

"Haidanganyiki hii," alisema Mama Kelele, akatoka. Aliporudi alikuwa amekumbatia beseni la bluu lililojaa maji hadi ukingoni. Akaliweka juu ya stuli, akashusha maikrofoni karibu. "Mwenye kuitaka kazi atumbukize kichwa. Akae humo mpaka mwili wenyewe uombe. Atakachotoka nacho ndicho nitakachorekodi."

Baritoni alilitazama beseni kama limemtukana. "Koo langu na maji baridi hatuna uhusiano," alisema, akarudisha mkunjo wa skafu.

Mhariri akamgeukia Malenga. "Bila shaka wewe huna neno. Chanda na pete."

Malenga alilikaribia beseni. Humo ndani aliona uso wake ukitetemeka, naye alikuwa bado hajaanza kutetemeka.

"Ni ya baridi kweli?" aliuliza.

"Ni maji, si supu," alisema Mama Kelele. Kisha akamwinamia, akanong'ona, "Mwanangu, unaogopa?"

"Mimi?" Malenga alinong'ona pia, lakini kwa hasira. "Niogope beseni?"

"Basi ondoa hedifoni kichwani. Hizo si zako."

Alivua hedifoni. Alishika kingo za stuli. Alimfikiria Bibi na wenzake mbele ya televisheni, na lori la saruji likiwasimulia. Akafumba macho, akatumbukia hadi masikioni.

Kule chini hapakuwa na harusi wala joho. Alitafuta ubeti wa kujishikilia, hata mstari mmoja, hata kina kimoja, hakupata. Palikuwa na moyo wake tu, unabisha mlango. Alitaka kutoka, na fahari ikamwambia kaa. Alikaa. Akataka tena. Kifua kikaanza kumwomba, kisha kumwamuru, kisha kikaacha kuzungumza naye na kuamua chenyewe.

Alichomoka kwa mvuto wa pumzi ulioanzia kwenye nyayo. Stuli ikapinduka, beseni likaruka, maji yakamlowesha mhariri magoti, maharage yakatawanyika sakafuni, na kutoka kooni mwa mshairi, bila mizani, likatoka neno moja:

"Bibi weee!"

Baritoni alikuwa amepanda juu ya kiti.

Mama Kelele alibonyeza kitufe. Kwenye skrini mteleza akachomoza upya, mdomo wazi, na safari hii pumzi yake ikajaa chumba, ndefu, yenye kukwaruza, pumzi ya mtu aliyenyang'anywa dunia akarudishiwa. Mhariri akatoa kijiti mdomoni.

"Hiyo," alisema. "Hilo la Bibi likate. Pumzi ibaki."

Wakaangalia kipande kizima kuanzia mwanzo. Walipofika pale pa kuanguka, na sauti ya Malenga ikaanza kifo, mama mzazi na nyota, Malenga mwenyewe alihisi aibu ikimpanda pamoja na baridi ya shati. Aliokota karatasi yake sakafuni, imelowa, wino umeanza kutambaa. Mama Kelele alimwona akichukua kalamu na akajiandaa kwa ugomvi.

"Zifute hizi tatu," alisema Malenga.

"Nani? Mimi? Nikate beti zako?"

"Kule chini hamna maneno, Mama. Nimetoka huko sasa hivi. Acha kimya mpaka pumzi." Kisha fahari ikarudi mahali pake. "Lakini joho halikatwi."

"Joho libaki," alisema mhariri, akikamua suruali yake. "Na wewe ubaki. Mfululizo wote ni wako. Ila ujue, sehemu ya tano ni mazoezi yao. Wanatembea chini ya bwawa wamebeba mawe. Pumzi tupu, mwanzo hadi mwisho. Kwako si taabu, najua." Akatoka, viatu vikilia chwa, chwa.

Malenga alikuwa bado anachuruzika simu ilipolia.

"Mume wangu," alisema Bibi, na nyuma yake maji yalisikika yakipigwa, na wanawake wakicheka. "Nimekusikia ukiniita."

Malenga alimgeukia Mama Kelele. Mama Kelele alikuwa ameinama, ghafla ana maharage mengi ya kuokota.

"Fundi wako kanitumia sauti. Nimewasikilizisha wote hapa. Kazi je?"

"Nimepata, Bibi. Yote."

Vigelegele vilimlazimisha asogeze simu mbali na sikio. Aliporudisha, alisema kwa sauti ndogo, "Lakini sehemu ya tano wote wako chini ya maji."

"Basi Jumamosi unaingia bwawani."

"Nitaingia hadi vifundo vya miguu."

"Huko ni kukanyaga dimbwi."

"Hadi magoti."

"Magoti ni yangu, nina cheti cha daktari."

Malenga akatazama beseni lililolala kifudifudi, kisha Baritoni aliyekuwa anashuka kitini taratibu, masikio wazi. Akavuta pumzi, nzuri kuliko zote za mwanzo, na akasema kwa sauti kubwa ili kila mwenye sikio awe shahidi:

"Nakuahidi, mke wangu: Jumamosi nitakuja na kofia yako, nitavua viatu, nitaingia hadi maji yanifunike utosi, na nikikuita tena, safari hii nitakuita kwa vina."