Nyuzi Tisa Sebuleni

Saa tatu asubuhi mpima hewa alisoma vipimajoto vyake, akafuta miwani, akavisoma tena. Hewa ya baharini, nzito kwa unyevu, ilikuwa imetanda mjini tangu juzi. Hewa ya bara, kavu na yenye baridi, ilikuwa inateremka kutoka milimani. Zingekutana saa saba mchana. Ile ya baridi ingepenya chini, ile ya joto ingerushwa juu, na kati yao ungetoka upepo usio na adabu. Mpima hewa aliandika onyo, akampelekea mkuu wa kituo cha hali ya hewa mkononi, na mkuu akatia sahihi kwamba amelipokea.

Kisha mpima hewa akampigia simu mumewe, fundi wa mabati, aliyekuwa juu ya paa la ghala jipya.

"Shuka, mume wangu. Upepo unakuja."

"Wewe unaongea na mawingu, mimi naongea na msimamizi," mumewe akacheka. "Anasema bila tangazo la redio hakuna kushuka. Redio ninayo hapa. Likitoka tu, nitakuwa chini kabla halijaisha."

Tangazo halikutoka. Siku hiyo mgeni mkubwa alikuwa anafungua uwanja wa mpira, na mkuu wa kituo hakutaka watu wabaki majumbani kwa ajili ya mawingu. Onyo akalifungia kwenye droo. Saa saba na dakika kumi upepo ulichukua bati, na fundi alikuwa amelishika. Walipomwokota, redio ilikuwa mfukoni mwake, inapiga muziki.

Baada ya mazishi mjane alifunga madirisha, akakaa sebuleni. Siku ya nane pumzi yake ilianza kuonekana kama moshi. Alitundika kipimajoto ukutani: nyuzi tisa. Nje zilikuwa thelathini na moja. Mama mkwe, aliyekuja kila mchana na chakula, alivua viatu mlangoni kisha akavivaa tena.

"Mwanangu, mbona kwako kuna baridi hivi?"

"Hewa hushika tabia ya pale ilipokaa, mama. Ikikaa baharini inalowa, ikikaa jangwani inakauka. Hii imekaa juu yangu."

"Haya. Kesho nitakuletea sweta."

Siku ya kumi na tatu ruhusa ya kazini iliisha. Mjane alifungua mlango, na ile hewa ikatoka naye, ikitambaa chini kwa chini usawa wa magoti, kama ilivyo kawaida ya hewa baridi. Kila ilipopita, hewa ya joto ilipanda na manyunyu yakaanza. Majirani walianua nguo bila kunung'unika. Muuza nyama alimwomba asimame kidogo dukani, kwa kuwa friji yake ilikuwa mbovu. Akasimama.

Kituoni mchora ramani aliishika kalamu.

"Pole sana, dada. Sasa hii tuiandike ya wapi? Si ya bahari, si ya bara."

"Andika ya nyumbani."

Mchora ramani akaweka alama mpya, akaizungushia duara.

Alasiri hewa hiyo iliingia ofisini kwa mkuu wa kituo, ikagongana na joto lake, na mvua ikanyesha juu ya meza. Maji yakaijaza droo mpaka ikafunguka yenyewe. Onyo likaelea juu juu, likatoka kwa mlango, likasimama miguuni mwa wafanyakazi waliokuwa kwenye foleni ya chai. Wote walilisoma. Sahihi ilikuwa wazi, na saa pia: tatu na dakika ishirini.

Mkuu alikuja na mwavuli, akaliokota, akalikung'uta.

"Tutalifanyia kazi," alisema.

Alilianika dirishani. Lilipokauka akalirudisha kwenye droo, akageuza ufunguo. Mwezi uliofuata taarifa ya uchunguzi ilitoka. Ilisema fundi alikufa kwa kutojali hali ya hewa.

Mjane aliisoma akiwa amesimama. Aliikunja mara nne, akaenda kusoma vipimo vya alasiri kwa sababu saa ilikuwa imefika.

Hewa ya nyumbani iliingizwa kwenye vitabu vya kituo. Watu wa mtaa ule walizoea kutembea na masweta, na mkuu wa kituo alizoea mwavuli.

Jumapili moja mama mkwe alikuja na godoro kichwani. Alilitandika sebuleni, karibu na kiti cha mjane, akaketi na kuvuta pumzi mpaka yake nayo ikaonekana.

"Mama, utaumwa kifua humu. Rudi kwako."

"Kwangu kuna joto, mwanangu," mama mkwe alisema. "Siliwezi."

Mjane akaondoka kitini, akalala kando yake. Kipimajoto kilishuka hadi nyuzi saba.