Blanketi Juu ya Pipa la Tope

Pipa la tope lilipoletwa kutoka mjini, Mbok Tumirah alilipokea kama anayepokea mjukuu. Mkwewe Giyanto, fundi wa mtambo mpya wa kusafisha majitaka, alimweleza kwamba mle ndani mna vijidudu hai, ndiyo mbegu ya kuuanzisha mtambo. Wakimwagwa kwenye birika kubwa watakula uchafu wa mji wote, kisha watatua chini kwenye birika la pili, na maji ya juu yatakwenda kijitoni yakiwa safi.

Kijito hicho ndicho riziki ya Mbok. Huko ndiko anakooshea mihogo anayoichachusha ikawa tape, tamu na laini. Tangu vyoo vya mji vianze kumwagikia humo, wateja walimkwepa. Na wakaguzi walikuwa njiani. Wakikuta maji machafu, mtambo unafungwa, na uchafu unarudi palepale.

Giyanto akaitwa kwenye chujio la mwanzo, matambara yameliziba. Akamwomba mama mkwe amchungie pipa. Mbok akaona mashine ya hewa inanguruma, mpira umezamishwa topeni, mapovu yanaruka. Akawahurumia wale vijidudu. Maisha yake yote chachu imetaka giza, joto na kimya. Kwake, mihogo ikishafunikwa, hata kugombana karibu nayo ni mwiko. Akazima mashine. Akafunika pipa kwa majani ya mgomba, na juu akatandaza blanketi lake mwenyewe.

Giyanto aliporudi jioni, harufu ya mayai viza ilimpokea njiani. Tope la rangi ya kahawa limekuwa jeusi kama masizi.

"Mama, umefunika?"

"Nimefunika vizuri kabisa."

"Hawa wanavuta pumzi, Mama. Kama mimi na wewe."

Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomchoma. Mbok akauliza kwa sauti ndogo kama wamekufa wote. Giyanto akasema labda wapo waliobaki, wapewe hewa waonekane. Wakalimwaga pipa zima birikani, wakafungua hewa mpaka maji yakatokota kama chungu cha wali.

Basi Mbok akawa kila asubuhi anapita kunusa birika kabla ya kwenda sokoni. Jirani yake Sarpini akamwuliza, "Shoga, siku hizi tape unaivishia chooni?" Mbok akamjibu kwamba ikiiva, wa kwanza kuonja ni yeye.

Asubuhi moja uvundo haukuwepo. Palinuka udongo uliopigwa na mvua. Mbok alivua ndala akaenda mbio kumwita mkwewe, na Sarpini akamfuata nyuma na kikapu chake, asipitwe.

Giyanto akachota maji ya birika kwenye gudulia la kioo, akaliweka juu ya ukuta wa birika. Mwanzoni ilikuwa kahawa ya maziwa tu. Kisha tope likaanza kushikana mabonge madogo, likashuka taratibu, na juu pakabaki maji meupe, kidole kimoja, viwili, mpaka nusu ya gudulia.

"Nakuona upande wa pili," Sarpini akasema, amesahau kutania.

Wakaguzi walipofika, Mbok alikuwa kalishika gudulia hilo kwa mikono miwili. Wakajaza chupa zao, wakapima, wakaamuru lango la kumwagia maji kijitoni libaki wazi. Giyanto akacheka kama mtoto.

"Haya, nipe blanketi langu," Mbok akasema. "Nina mihogo ya kulaza."

"Bado linanuka, Mama."

"Nitalifua kijitoni."