Printa Haiioni Nyumba Hii

...na bado inaniambia haioni, printa gani hii jamani, kioo chake kimejaa mikwaruzo, kinaandika TAFUTA, kinafikiri, kinafikiri, kisha kinaniletea orodha ileile, mtandao wa kanisa la ng'ambo ya barabara, mtandao wa duka la dawa, mtandao wa Asamani seremala ambaye nyumba yake haina hata madirisha, wote hao inawaona vizuri tu, ila wa nyumba hii, nyumba ambayo yenyewe imekalia meza yake na inakula umeme wake, huo haiuoni, mara ya sita sasa, nimezima nimewasha, nimechomoa nimechomeka, magoti yananiwaka moto kwenye hii sakafu... "Anti, imekubali?" Huyo Boadu, mpwa wa marehemu mume wangu, anauliza kutoka sebuleni bila hata kunyanyua makalio kitini, "Bado," nasema, "Achana nayo, Anti, hicho kitu ni kizee," na wanacheka, na Dufie, dada wa marehemu, anacheka juu kuliko wote, kesho anamzika kaka yake na leo anacheka mpaka vikombe vinatikisika, "Mke wetu huyo! Akishika jambo hata umpige rungu haachii," mke wetu, mke wetu, miaka ishirini na sita wananiita mke wetu, na kitabu cha mazishi kimetoka sina hata ukurasa.

Maboksi yenyewe haya hapa pembeni yangu, vitabu mia tatu, picha ya mume wangu, Mwalimu Opoku Agyenim, juu kavaa kitambaa cha kente begani, anatabasamu kama mtu aliyeambiwa siri, nimekisoma jana mwanzo mpaka mwisho, dada ana ukurasa, chama cha walimu kina ukurasa, kwaya ina ukurasa, hata timu ya mpira aliyoichezea akiwa kijana akavunjika mguu ina nusu ukurasa, Boadu ana kurasa mbili na picha yake mwenyewe kavaa miwani ya jua, mimi nipo nyuma kabisa, chini ya orodha ya wapwa, Mjane: Boatemaa, basi, "Kurasa zilijaa, Anti, mchapaji alilalamika," mchapaji rafiki yake, wa pale njia panda, wanakunywa wote. Ningenyamaza. Haki ya Mungu ningenyamaza, nimeshanyamazia makubwa kuliko hayo, lakini kwenye zile kurasa zake mbili ameandika kwamba mjomba wake aliijenga nyumba hii kwa jasho lake peke yake kwa ajili ya ukoo wake. Peke yake! Mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi ujenge vyumba sita hapa mjini Kumasi? Tanuri langu liko nyuma pale, limepasuka ubavu kwa moto wa miaka kumi na tisa, mikate ya sukari, mikate ya siagi, naamka alfajiri nakanda unga huku mtoto mgongoni, kila mfuko wa saruji wa nyumba hii ulitoka kwenye lile tanuri, na Dufie anajua, Dufie alikuwa anakuja kuchukua mikate ya bure, mitatu mitatu, kwenye mfuko mweusi asionekane.

Na wiki ijayo ukoo wao unakaa kuizungumza nyumba. Desturi naijua, sikuzaliwa jana, kwetu Waashanti mali ya mwanamume inafuata damu ya mama yake, ndiyo maana Boadu ndiye mrithi, sina ugomvi na desturi, hata mjomba wangu mimi alirithiwa hivyohivyo, lakini walichojenga wawili si cha mmoja, na siku ya kikao atatokea mzee mmoja tu na kitabu cha mazishi mkononi, mbona wanavitunza miaka na miaka kabatini na sahani za wageni, atafungua atasoma, peke yake, imeandikwa, na watu mia tatu walipewa na hakuna aliyebisha, mke alikuwepo na hakubisha, itakuwa imekwisha hiyo, nifunge virago.

Ndiyo nikaandika ukurasa wangu. Umo humu kwenye kompyuta ya marehemu, mstari kwa mstari, tuliijenga wawili, kiwanja mwaka gani, fundi nani, tanuri la nani, nichape mia tatu nipachike mmoja mmoja ndani ya kila kitabu kabla jioni haijaingia wakatoka kwenda kuuleta mwili, kitu rahisi hivyo, karatasi ninazo, wino upo, na mashine imekaa inanikodolea macho. Dukani siwezi kwenda, mjane hatoki mpaka mumewe azikwe, nikivuka lango tu Dufie atapiga kelele mji mzima usikie, na huyo mchapaji angempigia Boadu kabla sijamaliza salamu. Waya wa printa ungenitosha, ule mnene wa kuchomeka kwenye kompyuta, Boadu kautupa, kautupa pamoja na ruta ya zamani iliyokuwa inatupa mtandao, wiki ileile mjomba wake alipokata roho, eti takataka, kaja na ruta mpya nyeupe, hii hapa ukutani juu ya kichwa changu inapepesa taa zake, kaupa mtandao jina lake, BOADU, maiti haijapoa, nikifungua simu yangu ndani ya nyumba yangu naambiwa umeunganishwa na BOADU.

"...hiyo kasi, oneni wenyewe, picha haikatiki!" Boadu anawaambia ndugu zake walioko Italia, anawaonyesha kwa simu mahema yanavyofungwa uani, viti vyekundu na vyeusi, spika kubwa kama makabati, "Ile ya polepole nimeizima kabisa, hii ruta inatoa njia mbili, ya zamani na ya kasi, nikasema ya zamani ya nini, ya wazee ile, nimeacha ya kasi tupu..."

Ngoja.

Ngoja kwanza, amesema nini, ya zamani ameizima, hata juzi kwenye chakula alijisifu hivyohivyo huku ananyonya mfupa na mimi sikumsikiliza, nilikuwa natazama anavyokaa kwenye kiti cha mume wangu... njia mbili, ya zamani na ya kasi, na hii printa ni ya mwaka gani, tuliinunua Oforiwaa binti yetu akiwa darasa la nne na sasa ana mume, kwa hiyo inaijua ya zamani tu, kanisa bado wana ya zamani, duka la dawa wana ya zamani, Asamani hana hela ya kubadilisha, ndiyo maana inawaona wao, maskini wa Mungu haijaharibika, mimi naitukana tangu saa nane na haijaharibika, mlango wake umefungwa, na aliyeufunga yuko sebuleni anakula supu yangu.

Basi nimwambie awashe ile njia, neno moja tu, "Boadu baba, hebu niwashie," na ataniuliza unachapa nini Anti, na atakuja, atasimama nyuma yangu asome. Au nimwombe paswedi niingie niiwashe mwenyewe. Siku ile nilipoiomba alifanyaje, alinyoosha mkono, "Lete simu, Anti, nikuwekee," akageuka upande akaandika akanirudishia, na mimi nikasema asante, nikasema asante bila hata kushtuka, kwa nini sikushtuka... kwa sababu nilizoea. Kwa sababu Opoku naye alikuwa hivyo. Miaka kumi na moja tangu mtandao uingie nyumba hii, "Lete, Boatemaa, nikuwekee," anageuka upande, anaandika, ananirudishia, kila simu, kila kompyuta, na mimi nasimama na unga mikononi kama mpangaji, nikadhani ni upole, nikawasimulia wenzangu kanisani kwamba mume wangu ananifanyia kila kitu. Na hati ya kiwanja je? "Lete hela, Boatemaa, nitashughulikia." Akageuka upande. Jina la nani liko kwenye ile hati, Mungu wangu, sijawahi kuiona kwa macho yangu, Boadu huyu kajifunzia wapi kunigeuzia bega kama si hapa hapa, kwa mjomba wake, mezani kwangu.

Na mimi nimeandika nini pale kwenye ukurasa, mstari wa mwisho, nilioulilia jana, "Alikuwa mume mwema, hakuwahi kunificha kitu." Naufuta. Huu hapa, naufuta, herufi moja moja, k-i-t-u, mpaka kwenye ukurasa yabaki yale mengine tu, tuliijenga wawili, na jina langu. Nilikupenda, Opoku, na nimekukasirikia, lala na yote mawili.

"Mke wetu kalala huko?" Dufie huyo, "Mwache, ana uchungu," sauti ya Boadu, ya huruma ya bandia.

Mara moja tu nilimwona Opoku amekwama. Mtandao ulikuwa umemgomea, akapiga magoti papa hapa, "Niazime pini yako ya kilemba," akaichokoa ruta kwenye kitundu cha nyuma, akashikilia huku anahesabu mpaka kumi, taa zote zikazima, ikawaka kama imetoka dukani, kila kitu kimefutika, kisha akaipindua akasoma paswedi kwenye karatasi iliyobandikwa tumboni, akiikinga kwa kiganja nisione. Akanirudishia pini yangu.

Nanyanyua mkono, naigeuza hii nyeupe, kweli, karatasi ipo, jina la kiwandani, paswedi, maandishi madogo lakini yanasomeka, hakuna kiganja juu yake. Na kitundu hiki hapa, ikirudi kama ilivyotoka dukani njia zote mbili zitakuwa wazi na jina BOADU limefutika. Sebuleni Boadu anawaambia wa Italia wasikate, anawapeleka kwenye hema kubwa, ukoo mzima uko kwenye simu yake, navuta pini kwenye kitambaa changu cheusi cha kichwani, kinashuka begani, kishuke.

"Anti, vipi, imekubali?"

"Bado," nasema, na ncha imeshagusa chini, imezama kidogo, imekwama vizuri, moja... mbili...