Mstari wa Chaki kwenye Pijo ya Malam Barau

Malam Barau aliirudisha Pijo yake gereji kwa mara ya tatu siku ya Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili harusi ifanyike, na safari hii hata salamu hakuimaliza.

"Gambo, gia bado inacheza," alisema kabla hajashuka. "Inacheza na inagonga. Umenifungia nini humu, maandazi?"

Mafundi wa gereji ya jirani wakacheka. Gambo akacheka nao kwa adabu. Liva ya gia ya zile Pijo 504 za zamani imekaa ubavuni mwa usukani, na imeunganishwa na gia boksi kwa vyuma vyembamba vyenye bushi ndogo kila kiungo. Bushi zikilika, liva inalegea, na dereva anabaki kuitafuta gia kama anayetafuta funguo gizani. Mara ya kwanza kweli zilikuwa zimelika. Gambo alichonga mpya za nailoni kwa tupa, asubuhi nzima. Mara ya pili alizibadilisha tena zote, na springi juu yake, ingawa hakuona kosa lolote. Angebishaje? Barau ndiye aliyemfundisha kushika spana, tangu ana miaka kumi na moja, enzi wanapeleka abiria Zaria na kurudi Kaduna mara tatu kwa siku. Sasa Gambo mwenyewe ana mvi kidevuni, na mbele ya mzee yule bado anaficha mikono michafu nyuma ya mgongo.

Na harusi yenyewe haikuwa ya mtu baki. Ilikuwa ya Asabe, mjukuu aliyefiwa na mama siku aliyozaliwa, akalelewa na babu yake. Maharusi wote wa nyumba ile, mabinti sita na wajukuu watatu, walipelekwa kwa waume zao na Pijo ile, Barau akiwa kwenye usukani. Mtaa mzima wa Tudun Wada ulilijua hilo. Asabe ndiye alikuwa wa mwisho, na mume wake yuko Zaria.

"Nikishamfikisha huyu," mzee alikuwa akisema, "mnaweza kulifanya gari banda la kuku."

Jana yake alikuwa amekuja Lawwali, mtoto mkubwa wa Barau. Huyu Lawwali, tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kazi chungu zifanywe na wenzake. Alieleza kilichotokea Jumatatu. Baba yake alikuwa ameegesha mbele ya kibanda cha Delu, yule mama anayekaanga masa, vitumbua vya mchele. Wakati wa kuondoka alitaka gia ya kwanza, ikaingia ya kurudi nyuma. Gari likarudi, likapindua karai la mafuta yanayochemka. Delu alikuwa ameinuka kufuata maji, na hicho tu ndicho kilichomwokoa.

"Anasema ni gia," Lawwali alisema. "Na gia umefunga wewe. Kesho keshokutwa akiua mtu njiani, unadhani watamtaja nani? Mharibie kitu, Gambo. Harusi ikipita tutajua."

"Mwambie wewe. Ni baba yako."

"Mimi? Anitoe macho?"

Basi ndivyo Alhamisi ile ilivyomkuta Gambo. Adhuhuri ilipoadhiniwa, mzee alikwenda kuswali, na Gambo akabaki peke yake na gari. Alitoa kipande cha chaki mfukoni. Aliingiza gia ya tatu, akachora mstari mmoja ulioanzia kwenye liva na kuishia kwenye chuma cha usukani, kisha akaitikisa liva kwa nguvu zake zote. Liva ikilegea, mstari unakatika katikati. Haukukatika. Akaingiza ya nne, akachora upya, akatikisa. Wapi. Gia ilikuwa imekaza kama imetoka kiwandani, na Gambo badala ya kufurahi aliitikisa tena, akitamani mstari ukatike.

Mzee aliporudi, Gambo aliirudisha ya tatu na kumwomba akae kwenye usukani.

"Shika tu, Baba. Usiisukume."

Barau akashika. Papo hapo ikaanza: tik, tik, tik, tik.

"Unasikia?" mzee alisema, uso umemng'aa. "Si nilikuambia? Inagonga!"

Gambo aliinama dirishani. Mstari wa chaki ulikuwa umenyooka vilevile. Kilichokuwa kinagonga ni pete. Pete ya fedha kwenye kidole cha Malam Barau, ikigonga chuma cha liva, kwa sababu mkono wote, kuanzia kiwikoni, ulikuwa unatetemeka. Mzee alipouondoa kujikuna shingo, gari likanyamaza. Alipourudisha, ikagonga.

Gambo alitazama kando haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mzazi ndani. Mkono ule alikuwa akiuona kila siku. Alikuwa hajauangalia.

Sasa wewe mwambie. Mwambie mzee wa namna hiyo, siku mbili kabla ya siku aliyoingoja miaka ishirini, kwamba gari lake halina ugonjwa. Gambo alifungua mdomo, na kilichotoka ni uongo.

"Ni kweli, Baba, inacheza. Kuna kipande ndani ya gia boksi kimekwisha. Nimeagiza Kano. Kitafika Jumatatu."

"Harusi ni Jumamosi."

"Najua."

Barau aliuacha mkono juu ya liva, tik, tik, tik. "Nimewahi kukuomba kitu mimi?" aliuliza. Sauti yake haikuwa na hasira, na Gambo angependa sana iwe nayo. Kisha mzee akashuka, akaondoka kwa miguu. Usiku ule Gambo hakugusa chakula. Mkewe alimuuliza anaumwa nini, akasema jino.

Jumamosi asubuhi alipofika gereji alimkuta mtu ndani ya Pijo. Milango ya gari ilikuwa haifungiki kwa ufunguo siku nyingi. Malam Barau alikuwa amekaa kwenye usukani na kanzu yake kubwa nyeupe ya sherehe, kofia nyekundu kichwani. Mbele yake, ule mstari wa chaki. Gambo alikuwa amesahau kuufuta, mpumbavu yeye.

"Hii kazi ya chaki," Barau alisema bila kugeuka, "nani alikufundisha?"

"Wewe, Baba."

"Nilikuambiaje?"

"Mstari usipokatika, niache kufungua vitu vya watu."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu aliyepata jibu sahihi. Aliitazama pete yake. Nje, mafundi wa jirani walikuwa wameanza kubishana kuhusu mpira, na wao wawili wakawa wanasikiliza ubishi huo kana kwamba unawahusu.

"Gari ni bovu," Barau alisema hatimaye, "lakini wewe unaliweza. Utaendesha wewe. Ndivyo tutakavyowaambia."

"Sawa, Baba."

Baada ya alasiri wakaondoka na Asabe. Nyuma alikaa bibi harusi kafunikwa shela, shangazi zake wawili wamembana huku na huku. Alikuwa analia, kama wanavyolia maharusi wote wanapotolewa kwao. Malam Barau alikaa mbele upande wa abiria, kiti ambacho hakuna aliyewahi kumwona amekikalia, mikono imebanwa katikati ya magoti. Watu waliotoka kuwapungia walipunga, kisha wakatazamana.

Gambo alikuwa ameahidi, na ahadi yake aliitimiza kwa ujinga wote alionao. Kila alipobadilisha gia aliachia klachi nusu, gia zikasaga, krrr. Aliitafuta ya tatu pale ambapo haipo. Alilishtua gari, akaguna, akasema, "Hii gia hii," kwa sauti ya kusikika hadi nyuma.

"Lizee limechoka," shangazi mmoja alisema. "Limechoka kuliko hata mwenyewe."

Wakacheka. Asabe peke yake hakucheka. "Lilikuwa halifanyi hivi," alisema ndani ya shela. "Babu akiendesha halisikiki."

Mbele ya Kawo, kwenye foleni, Gambo akasaga tena. Krrr.

"Gambo, basi," Malam Barau alisema. "Usiniumizie gari."

"Ni gia, Baba. Inache..."

"Gari ni zima." Alisema kwa sauti ya kawaida, akitazama barabara. "Msikie nanyi huko nyuma. Gambo amelitengeneza vizuri, halina kosa. Aliyekwisha ni mimi. Endesha ipasavyo, mtoto wa watu asiende kwa mumewe na kelele."

Gambo akaingiza gia ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne, na gari likaenda bila kusikika. Nyuma, Asabe alianza kulia upya, na safari hii shangazi zake hawakumbembeleza. Barau naye alikuwa anafuta uso kwa ncha ya kanzu. Ilikuwa ni siku ambayo mtu anaruhusiwa kulia, na mzee alilia hadi Zaria.

Kurudi walirudi wawili tu, mzee na Gambo. Walipofika mbele ya nyumba, Lawwali alikuwa amesimama mlangoni akingoja, na Gambo akasimamisha gari bila kuzima injini.

"Kanyaga klachi," mzee alisema.

Gambo akakanyaga. Malam Barau alinyoosha mkono, akaishika liva, na pete ikaanza kugonga chuma. Ilimchukua muda. Gambo hakumsaidia. Mwishowe gia ikatoka, gari likabaki huru, na mzee akaacha mkono wake palepale juu ya liva, ukigonga.

"Unasikia?" aliuliza.

"Nasikia, Baba."

"Sawa. Ufunguo mpe Lawwali." Akafungua mlango, akashuka.