Kadi Nyekundu ya Marehemu

Mdogo wangu Gaspar alifariki mwezi wa tatu, kwa figo, akiwa na miaka thelathini na moja. Tulimzika Jumatano. Jumapili iliyofuata alifunga magoli mawili.

Naomba nieleze. Ligi yetu inaitwa Ligi ya Barabara Mbili, kwa sababu ilianzishwa na timu nne za upande wa Barabara ya Morogoro na nne za upande wa Barabara ya Bagamoyo. Zamani kila upande ulicheza kwake, halafu mabingwa wawili wakakutana siku moja. Siku hiyo moja ilizaa ugomvi wa miaka miwili, ndipo wakaamua kuunganisha. Sasa zipo timu kumi na mbili daraja la kwanza na kumi daraja la pili. Mbili za mwisho hushuka, mbili za juu za daraja la pili hupanda. Kila timu husajili wachezaji ishirini na watano mwezi wa kwanza, kisha dirisha linafungwa, na hapo hata ufe nafasi yako haijazwi. Kanuni hiyo iliwekwa ili kuzuia udanganyifu.

Gaspar alikuwa beki wa kushoto wa Korongo ya Kimara kwa misimu kumi na moja. Kwa muda wote huo alifunga goli moja, tena kwenye lango letu. Lakini hakuwahi kupata kadi, si ya njano wala nyekundu, na hilo ndilo alilojivunia. "Wenzangu wanahesabu makombe," alikuwa akiniambia. "Mie nahesabu marefa ambao hawalijui jina langu."

Alipofariki, Kocha Talha alibaki na leseni yake mkononi na dirisha limeshafungwa. Akamtafuta Alfonsi, fundi rangi wa Boko, mshambuliaji anayejulikana kwenye ndondo za mitaani, akampa leseni ya Gaspar. Kabla ya mechi, kamisaa wa mchezo hukagua leseni, akilinganisha picha na uso. Siku ile aliitazama picha, akamtazama Alfonsi, akasema, "Umebadilika sana."

"Nilikuwa naumwa," Alfonsi akajibu.

Kamisaa huyo alikuwa amekaa msibani kwetu siku tatu.

Watu wote walijua. Mashabiki walimwita Marehemu. "Mpe Marehemu! Marehemu, geuka, una mtu nyuma!" Nilikwenda kutazama mara moja tu, nikakaa nyuma ya goli. Mama mmoja muuza karanga aliniuliza kama na mie ni shabiki wa Marehemu. Nikamwambia ndiyo.

Hakuna timu iliyokata rufaa. Nanga ya Kunduchi ilifungwa magoli matatu na Marehemu, na katibu wao Mwishehe ni mtu anayekata rufaa hata kwa sababu ya jua. Safari hii alinyamaza. Kipa wao alikwenda kufanya kazi Omani mwezi wa pili, na bado alikuwa anadaka kila Jumapili.

Mambo yangeendelea hivyo, ila mwezi wa sita Alfonsi alinyimwa penalti, akamsukuma refa mpaka akaanguka. Akatolewa kwa kadi nyekundu. Siku mbili baadaye barua ikaletwa nyumbani: Ndugu Gaspar Mnali, unatakiwa kufika mwenyewe mbele ya Kamati ya Nidhamu, Jumamosi saa nne asubuhi. Usipofika utafungiwa maisha, na jina lako litasomwa mbele ya timu zote.

Talha alifika jioni ileile.

"Shikamoo, dada Herieth."

"Marahaba."

"Umeiona ile barua? Usihangaike nayo. Waache wamfungie."

"Maisha?"

"Dada'angu, kwani atacheza tena?"

"Alimaliza bila kadi, Talha. Sasa isomwe mbele za watu kwamba kampiga refa?"

"Ukipeleka cheti cha kifo sie tumekwisha. Mechi zote alizocheza Alfonsi zinafutwa, tunashuka daraja. Na timu hii Gaspar aliipenda kuliko chakula."

"Kweli aliipenda."

"Basi."

"Na jina lake alilipenda pia," nikasema.

Talha aliondoka bila kumaliza chai. Usingizi ulinipaa siku zote zilizobaki. Jumamosi nikachukua cheti.

Kamati ilikaa ukumbi wa nyuma ya mgahawa mmoja. Wajumbe ni makatibu wa timu, na mwenyekiti ni Mzee Ferdinand, aliyetoa neno la shukrani pale makaburini.

"Gaspar Mnali yupo?" akauliza.

"Nimekuja mie, dada yake," nikasema, nikaweka cheti mezani.

Alivaa miwani akakisoma kuanzia juu, polepole, kama mtu anayepokea habari. Alipofika mwisho akavua miwani. "Pole sana, mama." Wajumbe wote wakasema pole.

Nilidhani Mwishehe angefurahi, maana Nanga na Korongo hawapendani. Badala yake akanyoosha mkono haraka.

"Mwenyekiti, tuwe waangalifu. Tukianza kuulizana nani alikuwepo uwanjani na nani hakuwepo, tutafika mbali."

"Wewe utafika Maskati," mmoja akasema kutoka nyuma. Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Tukatolewa nje kwa nusu saa. Tuliporudi, Mzee Ferdinand alisoma uamuzi akiwa amesimama. Kamati imejiridhisha kuwa siku ya mchezo mchezaji alikuwa na udhuru wa kutosha. Kadi nyekundu imefutwa. Matokeo yanabaki kama yalivyo, kwa kuwa hakuna rufaa iliyowasilishwa ndani ya saa sabini na mbili.

"Na magoli?" nikauliza.

"Magoli gani?"

"Yale saba. Hakuyafunga yeye."

"Mama, tumekuondolea la aibu. Na la sifa pia unataka tuliondoe?"

Nilitaka kujibu. Nikamwona Talha amekaa karibu na mlango, kofia yake ameikunja mikononi, hanitazami. Nikafunga mkoba.

Siku ya zawadi ilikuwa mwezi wa nane, uwanjani Boko. Korongo walimaliza nafasi ya tisa. Mfungaji bora akatangazwa Gaspar Mnali, zawadi yake viatu vipya vya mpira. Uwanja mzima ukaimba, "Marehemu! Marehemu!" Alfonsi alikuwa amekaa karibu yangu.

"Nenda kachukue, ni vyako," nikamwambia.

"Nikienda mie nitaulizwa leseni, dada. Nenda wewe."

Nikaenda. Mzee Ferdinand alinipa mkono, akasema kwenye kipaza sauti kwamba huu ulikuwa msimu bora wa Gaspar tangu aanze kucheza. Watu walipiga makofi sana.

Nilirudi nikampa Alfonsi boksi. Akakaa chini, akavua kandambili, akaingiza mguu, kisigino kikakataa. Akajaribu mguu wa pili. Waandaaji walikuwa wamenunua kwa namba iliyoandikwa kwenye fomu ya usajili, arobaini na moja. Yeye anavaa arobaini na tatu.

"Vya mwenyewe hivi," akasema, akanirudishia.

Nikavibeba nyumbani.